Chemchemi na visima jirani na mgodi wa makaa ya mawe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila ninapokaa na kamati za maji za vijiji. Mifano mingi ni ya kusini mwa Tanzania, kwenye makaa ya Ngaka wilayani Mbinga, Mchuchuma wilayani Ludewa na Kiwira wilayani Ileje. Sehemu zote tatu zimo ndani ya bonde la Ziwa Nyasa. Miamba yake ni ya Karoo, yaani mawe ya mchanga na mawe ya udongo yaliyolaliana kwa zaidi ya miaka milioni 250, na makaa yamebanwa katikati yake. Majibu mengine ni marefu na mengine mafupi, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Mgodi uko kilomita mbili kutoka kwetu. Unawezaje kugusa chemchemi yetu?

Kuna njia tatu, na kila moja ina mwendo wake.

Ya kwanza ni kunyonya. Shimo la mgodi wa wazi likishuka chini ya usawa wa maji ya ardhini, maji huingia, na mgodi lazima uyapampu ili mashine zifanye kazi. Maji ya mwambani nayo huinama kuelekea shimoni kutoka pande zote, kama unga unavyobonyea kwenye gunia ukichota katikati. Bonde hilo lisiloonekana hupanuka mwaka baada ya mwaka. Likifika chini ya kisima chako, kina cha maji kinashuka. Likifika kwenye chemchemi inayolishwa na mwamba huohuo, mtiririko unapungua hata kama mvua ni nzuri.

Ya pili ni kukata. Chemchemi nyingi za milimani hazina uhusiano na maji ya kina. Mvua hupenya kwenye jiwe la mchanga, ikikuta tabaka la jiwe la udongo haipiti, basi huteleza juu yake mpaka inapotokea ubavuni mwa mlima. Chemchemi ya namna hii haiathiriki na pampu iliyo mita 80 chini yake. Lakini shimo likikata lile tabaka la udongo, au likichimba eneo mvua inapopenyea, inaweza kufa ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo chemchemi mbili zinazotofautiana hatua mia tatu zinaweza kuwa na hatima tofauti kabisa. Anayekwambia "kilomita mbili ni mbali" au "kilomita mbili ni karibu" bila kutaja matabaka hajakueleza kitu.

Ya tatu ni kuchafua. Hapa mwendo ni wa polepole, maana maji hupita kwenye jiwe la mchanga kwa kutambaa, mara nyingi mita chache kwa mwaka, na haraka zaidi penye nyufa. Kupungua kwa maji hufika kijijini mapema kuliko uchafu. Usishangae kisima kikishuka mwaka wa pili na ladha ya maji isibadilike mpaka miaka mingi baadaye.

Tuanze kupima lini?

Kabla ya shimo la kwanza. Kama mgodi umeshaanza, anzeni leo, lakini mjue mmeshapoteza kitu kisichonunulika.

Nimeona mkutano wa kijiji ukikaa saa nne kubishana kama chemchemi fulani "ilikuwa inatoa maji mengi." Mzee mmoja akasema zamani ilijaza ndoo kabla hujamaliza kusalimiana na mwenzako. Nilimwamini. Lakini salamu za kwetu zina urefu wake, na mtaalamu wa upande wa pili alikuwa na jedwali la vipimo vya miezi minne, yote ya masika. Jedwali lilishinda, ingawa lilikuwa bovu.

Vipimo vya awali vinapaswa kufunika angalau mwaka mzima, na miwili ni bora. Mkoa wa Ruvuma, ilipo Mbinga, una msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Chemchemi huwa na nguvu mwishoni mwa mvua, kisha hushuka hadi Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, kabla mvua mpya haijafika. Kipimo cha Oktoba ndicho chenye thamani kuliko vyote, maana wakati huo kinachotoka ni maji ya mwambani matupu, hayajachanganyika na mvua ya jana. Kama mna nguvu ya kupima mara moja tu kwa mwaka, pimeni Oktoba. Tathmini ya athari kwa mazingira iliyopima maji Machi peke yake, isomeni kwa jicho la mashaka.

Hatuna vifaa. Tunaweza kupima nini?

Ndoo ya lita 20, saa ya simu na daftari. Elekezeni maji yote ya chemchemi kwenye bomba fupi au jani la mgomba, mweke ndoo, mhesabu sekunde mpaka ijae. Rudieni mara tatu mchukue wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 25, chemchemi inatoa lita 0.8 kwa sekunde, yaani lita 48 kwa dakika, au lita 69,120 kwa siku. Mwakani Oktoba ileile ndoo ikichukua sekunde 50, mmepoteza nusu, na hakuna anayehitaji shahada kulielewa hilo.

Tumieni ndoo ileile kila mara, na hakikisheni ni ya lita 20 kweli. Mimi niliwahi kupima miezi mitano kwa ndoo niliyodhani ni ya 20. Nilipoipima kwa chupa za lita moja nikakuta ni 17 na nusu. Namba ziliweza kusahihishwa kwa sababu ndoo bado ilikuwepo.

Chemchemi ikiwa kubwa kuliko ndoo, jengeni kizuizi kidogo cha ubao au bati chenye mkato wa herufi V wa nyuzi 90, na mpime kimo cha maji juu ya ncha ya mkato. Pimeni nyuma kidogo ya kizuizi, pale maji yalipotulia, si kwenye mkato wenyewe. Kimo cha sentimita 5 ni kama lita 0.8 kwa sekunde, na sentimita 10 ni kama lita 4.4. Angalieni kwamba kimo kikiongezeka mara mbili, maji huongezeka zaidi ya mara tano. Kosa la kidole kimoja kwenye rula si dogo.

Kwa kisima, pimeni kina kutoka mdomoni hadi usawa wa maji, asubuhi na mapema kabla watu hawajaanza kuteka. Mafundi wa zamani walipaka chaki kwenye utepe wa chuma na kusoma pale chaki ilipolowa, na njia hiyo bado inafanya kazi. Wekeni alama ya rangi mdomoni mwa kisima ili kila mpimaji aanzie palepale.

Yale mabomba yenye kofia ya chuma yaliyochimbwa porini ni ya nini?

Hivyo ni visima vya ufuatiliaji. Havitekwi maji ya kunywa. Bomba huwa na matundu kwenye kina kimoja tu, na sehemu nyingine huzibwa kwa udongo unaovimba ili maji ya tabaka moja yasichanganyike na ya jingine. Mkiona mabomba matatu yamesimama pamoja, yaelekea moja linasoma tabaka la juu, jingine makaa yenyewe, na la tatu jiwe la mchanga lililo chini ya makaa.

Maswali ya kuiuliza kampuni ni haya. Je, kipo kisima upande maji yanakotoka, kabla hayajafika mgodini? Bila hicho hakuna cha kulinganisha. Je, kipo kati ya rundo la vifusi na kijiji, na kati ya bwawa la kutuliza tope na mto? Je, tabaka linalolisha chemchemi yenu lina bomba lake? Visima 20 vinavyosoma tabaka lisilo lenu havina faida kwenu. Tena ombeni ramani na kina cha matundu ya kila bomba. Idadi ya visima kwenye ripoti huwa inapendeza kuliko inavyosaidia.

Maji yametoa rangi ya kutu na utando unaong'aa kama mafuta. Ni sumu ya mgodi?

Si lazima. Maji ya ardhini yasiyo na hewa hubeba chuma kilichoyeyuka. Yakitoka nje na kukutana na hewa, chuma hugeuka kutu. Bakteria wanaoishi kwa chuma hicho hutengeneza utando unaong'aa. Chukueni kijiti muuchome. Ukivunjika vipande vipande kama kioo, ni bakteria. Ukijikusanya tena na kuungana, ni mafuta, basi tafuteni dizeli imevujia wapi. Chemchemi nyingi zilikuwa na kutu kabla babu zetu hawajasikia neno makaa.

Linalotia wasiwasi ni kutu *mpya*: kijito kilichokuwa na mawe meusi, sasa mawe yamevaa rangi ya chungwa, na viluwiluwi na kaa wameondoka. Pigeni picha yenye tarehe, mahali palepale, kila mwezi.

Tumenunua kipima asidi. Kinatosha?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi.

Ndani ya makaa na mawe yanayoyazunguka mara nyingi kuna madini ya pairaiti, chuma kilichoshikana na salfa. Yakiwa chini, mbali na hewa, yametulia. Mgodi ukiyavunja na kuyarundika juani, hewa na mvua huyageuza kuwa asidi ya salfa na chuma. Asidi hiyo huyeyusha metali nyingine: manganizi, alumini, na wakati mwingine zilizo hatari zaidi.

Lakini mawe mengi yana chokaa kidogo, na chokaa huimeza asidi. Kwa miaka kadhaa kipima asidi kitawaonyesha 7, yaani maji hayana asidi wala magadi, na kila mtu atalala usingizi, ilhali salfeti, chumvi inayoachwa na asidi hiyo, inapanda taratibu. Chokaa ikiisha, kipimo kinaporomoka ghafla, na hapo mmechelewa. Kwa hiyo fuatilieni kwanza uwezo wa maji kupitisha umeme, unaopanda kadiri chumvi zinavyoongezeka majini na unaopimwa kwa mikrosimensi kwa sentimita. Kifaa chake hakizidi ukubwa wa kalamu nene. Namba moja peke yake haisemi mengi, mfululizo ndio unaosema. Chemchemi iliyosoma 90 mwaka mzima, kisha 130, 180, 260, imebadilishiwa chakula, hata kama ladha ni ileile. Hapo ndipo mnatumia fedha ya maabara kupima salfeti, chuma na manganizi.

Kwa mfano wa mambo yalipofika mbali, tazameni mji wa Carolina, jimbo la Mpumalanga, Afrika Kusini, uliozungukwa na migodi ya makaa. Januari 2012, baada ya mvua kubwa, maji yenye asidi na metali yaliingia kwenye bwawa la Boesmanspruit linalolisha mji. Maji ya bomba hayakufaa tena kunywewa. Wakazi walikaa miezi wakisubiri magari ya maji, mpaka Julai mahakama ya Pretoria ilipoamuru wapelekewe maji salama ndani ya saa 72.

Chemchemi yetu imepungua nusu. Tuseme ni mgodi?

Msiseme bado. Wapo watuhumiwa wengine, na upande wa pili utawataja wote siku ya kikao, basi afadhali muwataje ninyi kwanza.

Mvua ni wa kwanza. Miaka miwili ya mvua haba inaweza kuiangusha chemchemi bila mgodi. Wekeni kipimo cha mvua shuleni, walimu wa jiografia watafurahi. Wa pili ni miti: mikaratusi iliyopandwa juu ya chemchemi hunywa maji usiku na mchana, na nimeona vijiji vikilalamikia mgodi vikiwa vimeizungushia chemchemi mikaratusi kwa mikono yao. Wa tatu ni visima virefu vipya vya jirani. Wa nne ni shamba. Ngoro, yaani mashimo ya kilimo ya Wamatengo wa Mbinga, huzuia mvua mlimani na kuipa nafasi ya kupenya, na mteremko ulioachwa bila ngoro hupoteza maji hayo kwa mafuriko.

Njia ya kutenganisha ni chemchemi ya kulinganishia. Chagueni moja au mbili zenye mwamba na mvua kama yenu, lakini ng'ambo ya mlima, mbali na mgodi. Zipimeni siku ileile. Zote zikishuka pamoja, ulizeni mvua. Ya kwenu ikishuka na zile zikabaki, na visima vya ufuatiliaji kati yenu na shimo navyo vimeshuka, mna hoja nzito mkononi.

Upande wa uchafu nako kuna watuhumiwa. Vijito vinavyoshuka kutoka safu za Umatengo hupokea maji ya kuoshea kahawa wakati wa mavuno ya kiangazi. Maji hayo ni machachu na yananuka. Kipima asidi kitashuka. Salfeti haitapanda kama ya mgodi, na mvua zikianza hali inarudi. Ndiyo sababu tarehe ni nusu ya kipimo.

Baruti zinaharibu visima?

Mtikisiko unaweza kutibua maji kwa siku moja mbili, na kisima kilichojengwa vibaya kinaweza kupasuka kingo. Andikeni saa ya mlipuko na saa ya kutibuka. Kisichoonekana ni naitreti: baruti ya migodini hutengenezwa hasa kwa amonia naitreti, na mabaki yake huyeyuka kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita, kwa ajili ya watoto wachanga hasa. Tahadhari: mbolea, zizi na choo huleta naitreti ileile.

Sampuli ya maabara tuibebeje?

Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, Songea na Mbeya zikiwamo. Ombeni chupa kutoka maabara, msitumie chupa ya soda. Kisima cha ufuatiliaji kipampuni kwanza mpaka maji yaliyolala bombani yatoke, kwa kawaida mara tatu ya ujazo wa bomba, na mpaka namba za kipimo zitulie. Kisima cha pampu ya mkono nacho kipampuni dakika kadhaa.

Chupa ya metali huchujwa kwa kichujio cha mikroni 0.45 palepale na kutiwa matone ya asidi ya naitriki ili chuma kisishikane na kuta za chupa. Chupa ya salfeti na naitreti haitiwi asidi hiyo. Mkikosea mkaitia kwenye chupa ya naitreti, mtapima asidi yenu wenyewe. Ya bakteria ni chupa iliyotakaswa, ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, isizidi 24. Zote zikae kwenye barafu, karibu nyuzi 4. Katika kila sampuli kumi, ongezeni moja iliyochukuliwa mara mbili mahali pamoja na moja ya maji safi ya maabara, bila kuiambia maabara ipi ni ipi.

Kama mgodi nao unachukua sampuli, chukueni pamoja, chupa yao na yenu, dakika ileile, kila upande ukaipeleke maabara yake. Ugomvi mwingi huishia hapo.

Majibu yamekuja na namba nyingi. Tusome ipi?

Anzeni na zile za afya: aseniki isizidi miligramu 0.01 kwa lita, floridi 1.5, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani. Chuma kikizidi 0.3 kinatia madoa nguo na wali, lakini si sumu. Salfeti huanza kuonjeka kuanzia kama 250, na ikiwa nyingi sana huharisha. Kisha linganisheni kila namba na ya kwenu ya mwaka jana. Maji yanaweza kuwa chini ya kiwango cha taifa na bado yakawa yameharibika mara tano kuliko yalivyokuwa. "Yako ndani ya kiwango" ni jibu la swali jingine.

Sheria inatupa nini?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha kutumia maji na kibali cha kutiririsha majitaka, na vyote hushughulikiwa na bodi ya maji ya bonde. Kwenu ni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa. Maji yanayopampuliwa kutoka shimoni nayo ni maji ya taifa, hayageuki mali ya mgodi kwa kuwa yameingia shimoni mwake. NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, ndiyo inayosimamia cheti cha mazingira na masharti yake, na ripoti za ufuatiliaji zinapelekwa huko. Mna haki ya kuziomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Barua ya serikali ya kijiji yenye muhuri hujibiwa upesi kuliko kelele za mkutanoni. Nakala ibaki kijijini.

Nani ashike daftari?

Watu wawili, wa kutoka kaya tofauti, na mmoja awe mama anayeteka maji pale kila siku. Yeye ndiye atakayejua kabla ya kifaa chochote kwamba maji yamebadilika. Daftari liandikwe kwa kalamu ya wino, kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha namba ya zamani ikisomeka. Lisifutwe. Kila mwisho wa mwezi lipigwe picha na kutumwa kwa watu watatu, mmoja wao akiwa nje ya kijiji. Mwezi usiopimwa uandikwe "haikupimwa", pamoja na sababu. Daftari lenye mapengo ya kweli linaaminika kuliko lililojazwa usiku mmoja kwa kalamu moja.

Mgodi ukifungwa, kazi imekwisha?

Inaanza upya. Pampu zikizimwa, maji hupanda tena shimoni na kwenye njia za chini, na njiani huosha chumvi zote zilizojitengeneza kwenye mawe wakati wa uchimbaji. Maji ya kwanza kutoka nje mara nyingi ndiyo mabaya kuliko yote, na yanaweza kutokea mahali ambapo hapakuwahi kuwa na chemchemi. Uingereza ilifunga migodi yake mingi ya makaa karne iliyopita, na mpaka leo chombo cha serikali kilichoundwa 1994 kinaendesha makumi ya mitambo ya kusafisha maji ya migodi isiyo na mchimbaji hata mmoja. Kabla ya kufungwa, ulizeni fedha za kufuatilia maji zimewekwa wapi, kwa miaka mingapi, na nani atakuwa na ufunguo wa vile visima vyenye kofia ya chuma.

Chemchemi iliyokauka inarudi?

Ikiwa ilinyonywa, mara nyingi ndiyo, maji yakishapanda, ingawa inaweza kuchukua miaka mingi na ladha isiwe ileile. Ikiwa tabaka lake lilikatwa, hairudi pale. Maji yake yanatokea kwingine, pengine ndani ya shimo. Hapo kinachodaiwa ni chanzo mbadala, na kiasi cha kudai ni kile kilichoandikwa Oktoba, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.